Kabla ya Kumkabidhi Funguo: Namna ya Kumfunza Askari Jela Asimdhulumu Mfungwa Kingono

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wasimamizi wa magereza ya Kitale na Bungoma, wakufunzi watakaoitwa kuendesha mafunzo humo, na wote wanaoingia na kutoka kila wiki: wauguzi, makasisi, maimamu, walimu na wasaidizi wa kisheria. Jambo lenyewe ni zito na watu huliogopa kulitaja: askari kumtongoza, kumshikashika, kumtaka au kulala na mfungwa aliye chini ya ulinzi wake. Semina ya siku moja yenye chai na vyeti hailizuii. Linazuilika pale askari anapoelewa kwamba mtu anayemtegemea kwa chakula, sabuni, simu na hata tarehe ya kutoka hana namna ya kumkatalia, na pale gereza lenyewe linapopangwa upya ili nafasi ya kulitenda ipungue. Hayo mawili yaende pamoja.

Kitale na Bungoma zinafaa kufanya kazi hii kwa ushirikiano. Ni safari ya asubuhi moja kwa matatu kupitia Webuye. Kitale ina gereza kuu la wanaume na gereza la wanawake, kwa hiyo uzoefu wa pande zote mbili upo karibu. Afisa wa Bungoma akilikagua gereza la Kitale, na wa Kitale akaja Bungoma, kila mmoja ataona mambo ambayo wenyeji wameyazoea hadi hawayaoni tena.

Hatua ya 1: Anza na mkuu wa gereza

Huko Dublin, jimbo la California, kulikuwa na gereza la wanawake la serikali kuu ya Marekani. Nchi hiyo ilikuwa na sheria mahususi ya kuzuia ubakaji magerezani tangu 2003, na kanuni za utekelezaji tangu 2012. Mafunzo yalikuwa ya lazima. Aliyesimamia mafunzo hayo katika gereza lile alikuwa Ray Garcia, ambaye baadaye alipanda akawa mkuu wa gereza. Desemba 2022 baraza la mahakama lilimtia hatiani kwa kuwadhulumu kingono wafungwa watatu, na Machi 2023 akahukumiwa kifungo cha miezi 70. Watumishi wengine kadhaa wa gereza hilo walitiwa hatiani pia. Aprili 2024 gereza lote lilifungwa.

Sheria ilikuwepo, darasa lilikuwepo, na mwalimu wa darasa alikuwa mmoja wa wakosaji. Kilichokosekana ni mtu ambaye mfungwa angeweza kumwambia bila habari kumrudia mkuu yuleyule. Kwa hiyo, kabla ya kuita konstebo hata mmoja, kaa na mkuu wa gereza na naibu wake. Wakubaliane kwa maandishi juu ya mambo matatu: kwamba wao wenyewe watahudhuria mafunzo mwanzo hadi mwisho, kwamba mkufunzi mkuu atatoka nje ya gereza lao, na kwamba kutakuwa na njia ya kumlalamikia mkuu wa gereza ambayo haipiti mezani pake. Mkuu anayekataa hilo la tatu, mafunzo yasianze kwake hadi makao makuu yameelezwa kwa nini.

Hatua ya 2: Litembee gereza mchana na usiku

Watu wawili watembee, mmoja akiwa mwanamke, na angalau mmoja awe ametoka gereza la pili. Wachukue daftari. Katika kila mahali waulize maswali yaleyale: ufunguo wa hapa anashika nani? Ni wakati gani askari mmoja hubaki hapa na mfungwa mmoja? Kwa muda gani? Nani angewaona?

Watakuta kwamba hatari haipo sana kwenye mabweni yenye watu wengi. Ipo kwenye stoo ya unga na blanketi. Ipo jikoni alfajiri, kabla wengine hawajafunguliwa. Ipo kwenye zahanati baada ya muuguzi kuondoka, na kwenye ofisi ambako mfungwa hupelekwa kupiga simu. Ipo shambani, mahindi yakishakuwa marefu kuliko mtu. Ipo kwenye lori la kuwapeleka mahabusu mahakamani, Kimilili au Webuye au Sirisia, na zaidi katika kumsindikiza mgonjwa hospitalini, ambako askari na mfungwa huweza kukaa siku nzima mbali na macho ya wenzao. Ipo pia popote mfungwa anapotumwa kufagia au kufua kwenye nyumba ya afisa. Hilo la mwisho nisingelipangia utaratibu, ningelipiga marufuku.

Kila palipoandikwa daftarini pawekewe dawa yake: kioo mlangoni, taa, askari wawili badala ya mmoja, daftari la kuandika saa ya kutoka na ya kurudi. Najua jibu litakalotolewa, kwamba askari hawatoshi. Ni kweli mara nyingi hawatoshi. Lakini stoo inaweza kufunguliwa saa mbili kwa siku wakiwa wawili, badala ya saa nane akiwa mmoja.

Kwa wafungwa wanawake, dunia imekubaliana tayari. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema katika kanuni ya 81 kwamba wanawake wasimamiwe na maafisa wanawake pekee, na mwanamume asiingie sehemu yao bila kuandamana na afisa mwanamke. Mwalimu au daktari mwanamume anaruhusiwa kufanya kazi yake. Pimeni zamu za usiku kwa kanuni hiyo, kwa sababu usiku ndipo visingizio huwa vingi.

Hatua ya 3: Gawa madarasa vizuri

Watu wasiozidi ishirini kwa darasa, kwa siku tatu, wakipishana ili zamu zisikatike. Konstebo na koplo wakae peke yao, mainspekta na walio juu yao wakae peke yao. Askari aliyefunzwa kupiga saluti katika chuo cha magereza cha Ruiru hatasimama mbele ya mkubwa wake aseme aliwahi kuona jambo baya. Wanawake na wanaume wachanganywe siku ya kwanza na ya tatu. Siku ya pili wapewe saa kadhaa kila upande peke yao.

Hatua ya 4: Sheria, kwa saa moja tu, lakini isomwe yenyewe

Usihubiri. Leta nakala ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kila mtu asome kwa sauti kifungu cha 24. Kinamtaja waziwazi msimamizi wa jela anayetumia cheo chake kumshawishi aliyefungwa humo afanye ngono naye, hata pale tendo lisipofikia ubakaji. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 10. Kifungu hichohicho kinamgusa pia mtu aliyeaminiwa kuwatunza wengine akaitumia nafasi hiyo kuwashawishi. Kisha kifungu cha 23, juu ya mwenye mamlaka anayemsumbua mtu kingono: kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Halafu kifungu cha 43, kinachosema kwamba kutumia vibaya mamlaka hadi mtu akashindwa kuonyesha kwamba anakataa ni sehemu ya kulazimisha.

Malizia na ibara ya 51 ya Katiba: aliyefungwa anabaki na haki zake zote isipokuwa zile zisizowezekana kwa sababu yuko kizuizini. Haki juu ya mwili wake si mojawapo ya zile alizoziacha getini.

Hapo ndipo mtu fulani atasema, “Lakini kama yeye mwenyewe alikubali?” Swali hilo lisikwepwe. Wape karatasi waorodheshe kila kitu ambacho askari wa zamu anaweza kumpa au kumnyima mfungwa wiki hii. Orodha itakuwa ndefu: sodo, sukari, kazi ya jikoni badala ya kazi ya kuchimba mitaro, dakika za ziada na mgeni, barua kufika au kutofika, ripoti ya nidhamu. Ongeza ile theluthi moja ya kifungo ambayo mfungwa husamehewa kwa mwenendo mwema, na ambayo anaweza kupunguziwa akiandikiwa kosa. Orodha ikishajaa ubaoni, waulize tena kama mtu anayehitaji vyote hivyo kutoka kwako anaweza kukwambia hapana bila kuogopa kitu. Darasa likae na swali hilo kwa muda. Hii ndiyo saa muhimu kuliko zote katika siku tatu, na mkufunzi asiikatishe kwa sababu chakula kimefika.

Hatua ya 5: Fundisha jinsi mambo yanavyoanza

Karibu hakuna askari anayeamka asubuhi akisema leo nitamdhulumu mfungwa. Huanza kidogo, na haba na haba hujaza kibaba. Kwa hiyo mazoezi yajengwe kwa visa, na kila kisa kisomwe kwa vipande, darasa likiulizwa kila baada ya kipande: ungesimama wapi?

Kisa cha kwanza. Mama aliyefungwa na mtoto wake wa miaka miwili (sheria inamruhusu kukaa naye hadi miaka 4) anamwomba afande amnunulie maziwa. Afande ananunua kwa pesa yake, kwa huruma ya kweli. Wiki inayofuata anamletea yeye mafuta ya kujipaka. Kisha anaanza kumwita “mrembo” wenzake wasiposikia. Kisha anambadilishia zamu ya kazi ili awe stoo.

Kisa cha pili. Askari wa kike kijana, aliyehamishwa mbali na familia yake, anasimamia mafunzo ya kompyuta kwa wafungwa wanaume. Mmoja ana ulimi mtamu, anaandika barua nzuri, anajua siku yake ya kuzaliwa. Askari anampa namba ya simu “ya dharura”.

Kisa cha tatu. Mfungwa amelazwa hospitalini. Askari wawili wamepangwa, mmoja anaomba ruhusa aende mjini, “nitarudi sasa hivi.”

Katika kisa cha kwanza wengi watasema kosa ni stoo. Wachache wataona kwamba lilianza kwenye maziwa, si kwa kuwa maziwa ni mabaya, bali kwa kuwa hayakupitia mahali popote panapoandikwa. Kanuni ya kuwafundisha ni nyepesi: huruma ipite kwenye ofisi ya ustawi na iandikwe. Mtoto atapata maziwa, na mama yake hatadaiwa chochote baadaye.

Kisa cha pili kinahitaji upole. Usimcheke yule dada. Askari ni binadamu, anapata upweke, na wafungwa wengine wanajua kuusoma. Wajibu unabaki kwake hata kama mfungwa ndiye aliyeanza, lakini apewe njia ya kutokea: amwendee msimamizi wake aseme “naomba nibadilishiwe kituo cha kazi” bila kuulizwa mbele za watu na bila kuandikiwa kosa. Gereza linalowaadhibu wanaoomba kubadilishiwa kituo mapema litaishia kuwashtaki walewale wakiwa wamechelewa.

Wafanye mazoezi ya maneno pia, kwa sauti, wakisimama. “Hilo siwezi kulizungumza na wewe. Nitaliandika, na mwenzangu atakuja.” Mtu ambaye hajawahi kuyatamka maneno hayo darasani hatayapata siku ya haja. Na majina ya kubembeleza yaachwe kabisa. Mfungwa aitwe kwa jina lake, au mama, au mzee, kama watu wanavyoitana kwa heshima mtaani Kitale na Bungoma.

Hatua ya 6: Upekuzi

Upekuzi ni kazi halali ambayo hugeuzwa kwa urahisi kuwa dhuluma. Fundisha kwa vitendo, askari kwa askari, nguo zikiwa mwilini: namna ya kueleza kabla ya kugusa, kutumia mgongo wa kiganja, kupekua wakiwa wawili. Wa kike apekuliwe na wa kike, wa kiume na wa kiume. Kumvua mtu nguo kuwe na sababu iliyoandikwa, pamoja na majina ya waliofanya. Kanuni za Bangkok za 2010, zinazohusu wafungwa wanawake, zinataka njia mbadala kama mashine zitafutwe ili kuvuliwa nguo kupungue. Mwenye zamu asome daftari la upekuzi kila wiki. Jina moja likijirudia, la askari au la mfungwa, aulize kwa nini.

Hatua ya 7: Wanaume pia

Sehemu hii huachwa, na kuiacha ni kosa kubwa. Mwanamume aliyedhulumiwa na askari mwanamume, au na nyapara, yaani mfungwa anayewasimamia wenzake, aliyepewa ruhusa na askari, huogopa mara mbili. Anaogopa aibu, na anaogopa kwamba kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotumika dhidi ya ngono kati ya wanaume, kitamgeukia yeye mwenyewe. Wafundisheni maafisa wazi kwamba aliyelazimishwa hajatenda kosa, na kwamba Sheria ya 2006 inamlinda mwathiriwa wa jinsia yoyote. Askari anayempa nyapara mamlaka ya kugawa nafasi za kulala amempa mamlaka juu ya miili ya watu. Mgao wa vitanda na blanketi ufanywe na askari, na uandikwe.

Hatua ya 8: Mfungwa akija kusema

Zoezi hili lirudiwe hadi kila mmoja alijue. Mfungwa anasema, “Afande, naomba tuongee kando.” Jibu: “Sawa mama, tuketi kwenye lile benchi. Watatuona lakini hawatatusikia.” Akishasema: “Asante kwa kuniambia. Sitakuuliza mengi. Nitaandika kama ulivyosema. Siwezi kulificha, lakini nitakueleza kila hatua kabla haijafanyika.”

Basi. Asiulizwe alivaa nini, wala kwa nini alichelewa, wala asiletewe mtuhumiwa “waelewane”.

Kisha saa zinahesabika. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Dawa ya kuzuia mimba ndani ya saa 120. Apelekwe hospitali ya rufaa ya kaunti, asisindikizwe na mtuhumiwa wala rafiki yake. Ikiwezekana asioge kwanza, na nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwani unyevu huharibu ushahidi. Mhudumu wa afya ajaze fomu ya PRC, ya huduma baada ya ubakaji, na polisi watoe P3, fomu ya ripoti ya daktari. Uchunguzi wa jinai ni wa polisi, na mashtaka ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mkuu wa gereza hana mamlaka ya kuyamaliza kimya kimya ofisini, wala wazee wa pande mbili hawana.

Siku hiyohiyo mtuhumiwa aondolewe mahali popote anapoweza kumfikia mfungwa yule au mashahidi. Asihamishiwe gereza jingine kama suluhisho. Kumhamisha ni kuwapelekea wafungwa wengine hatari bila kuwaonya. Na mwathiriwa asifungiwe chumba cha peke yake “kwa usalama wake”, kwa sababu wengine wakiona aliyesema ndiye aliyefungiwa, hakuna atakayesema tena.

Kama hazungumzi Kiswahili, kwa mfano anajua Kipokot au Kiturkana pekee, mkalimani atoke nje ya gereza.

Hatua ya 9: Askari anayemripoti mwenzake

Askari jela wanaishi laini moja. Watoto wao wanacheza pamoja, wake na waume wao wanakopeshana unga. Kumripoti mwenzako ni kumripoti jirani, na wengi hunyamaza kwa sababu hiyo zaidi ya woga wa sheria. Msijifanye hamjui hilo. Lizungumzwe darasani kwa uwazi, na watu waulizwe wangehitaji nini ili waweze kusema.

Kisha wapewe njia zaidi ya moja. Ndani: afisa mmoja mwanamke na mmoja mwanamume walioteuliwa, ambao si wakubwa wao wa zamu. Juu: kamanda wa magereza wa eneo. Nje: Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, ambayo imekuwa na ofisi ya eneo mjini Kitale, na Tume ya Haki ya Utawala. Kamati za Watumiaji wa Mahakama huwaleta hakimu, polisi, magereza na mawakili kwenye meza moja; jambo hili liwe kwenye ajenda yao kila mara, si pale tu linapotokea. Aliyeripoti asihamishwe mwaka huo bila kamanda wa eneo kueleza sababu kwa maandishi.

Hatua ya 10: Waelezeni wafungwa

Mafunzo ya askari peke yao ni nusu ya kazi. Siku ya kuingia, kila mfungwa na mahabusu aelezwe kwa lugha anayoielewa: hakuna afisa anayeruhusiwa kufanya mapenzi nawe, hakuna kitu unachostahili ambacho unapaswa kukilipia kwa mwili, na hivi ndivyo unavyoweza kusema. Muuguzi amwulize faraghani kama amewahi kudhulumiwa, katika kituo cha polisi au kwingineko, kwa kuwa aliyeumizwa jana ndiye anayewindwa leo. Sodo na sabuni zitolewe kwa siku inayojulikana, kwa orodha, mbele ya watu. Hii inaonekana kama kazi ya stoo, lakini inamnyang’anya mnyanyasaji chombo chake kikuu.

Sanduku la malalamiko lisiwekwe nje ya ofisi ya zamu. Liwekwe kanisani, msikitini au zahanati, na ufunguo wake ukae na mtu asiye mtumishi wa gereza.

Hatua ya 11: Rudi baada ya miezi mitatu

Rudi na daftari lile la hatua ya pili. Tembea tena. Je, kioo kimewekwa? Kuna siku stoo ilifunguliwa na askari mmoja? Zungumza na wafungwa wachache waliochaguliwa kwa kura, wasiochaguliwa na mkuu wa gereza, bila askari kusikia.

Malalamiko yakiongezeka katika miezi hiyo, msiogope na msimwadhibu mkuu wa gereza kwa hilo. Huenda watu wameanza kuamini kwamba wakisema watasikilizwa. Gereza lenye mamia ya watu na lisilo na lalamiko hata moja kwa mwaka mzima ndilo la kuchunguzwa kwanza. Angalieni pia malalamiko yaliishia wapi: mangapi yalifika polisi, mangapi yalifungwa ofisini na kwa sahihi ya nani.

Mafunzo yarudiwe kila mwaka, na kila afisa anayehamia Kitale au Bungoma kutoka kwingine apite hatua ya 4, ya 5 na ya 8 katika wiki yake ya kwanza. Hadi amalize, apangiwe geti la nje au mnara wa ulinzi, na jina lake lisitokee kwenye orodha ya wanaoshika funguo.